Herufi Moja Kwenye Mzingo wa Majilio

Kwanza kabisa, hakuna mganga aliyeingia katika ukumbi wa kanisa. Hakuna kuku aliyechinjwa, hakuna kilichofukizwa, na mwanamke anayeitwa Brashi hakufukuzwa na mtu yeyote. Wanaoshikilia kwamba lisemwalo lipo ni wale ambao bado hawajasemwa wao. Jambo lenyewe lilitokea mchana kweupe, Jumamosi, saa tisa alasiri, siku moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, mbele ya wazee kumi na mmoja wa kanisa wenye akili zao timamu. Na chanzo chake kilikuwa herufi moja. Kwa kuwa wengi wameisimulia habari hii bila kuwapo, afadhali isimuliwe mara moja, ilivyokuwa.

Brashi si jina la ubatizo. Alipewa na mtaa tangu utotoni, maana baba yake alikuwa mwandishi wa vibao na yeye ndiye aliyemshikia ngazi. Nusu ya vibao vya mji viliandikwa na mzee yule: maduka ya dawa, gereji, saluni, shule, hata lile onyo la ukutani nyuma ya soko linalowakataza wanaume jambo wanaloendelea kulifanya hadi leo. Mzee hakukosea hata nukta. Alizoea kusema kwamba kibao chenye kosa ni sawa na mtu mzima aliyesahau kufunga zipu: kila mtu ataona, na hakuna atakayemwambia. Alipofariki, binti alirithi brashi, ngazi na msemo huo. Kwa miaka ishirini na sita ameandika, naye hajakosea. Hakuolewa, jambo ambalo halimhusu mtu.

Alikuwa akiishi, na bado anaishi, katika nyumba ya marehemu kaka yake. Kaka mtu alimwacha mjane, mwalimu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, mpaka wengi wa wanaume wenye vitambi na vyeo mjini hapo walipita mikononi mwake wakiwa na kamasi. Baada ya mazishi, ndugu walipokuwa wamekaa sebuleni wakigawana vitu kwa macho, mmoja wao alisema kwamba sasa dada wa marehemu arudi kwao. Mwalimu aliweka kikombe chini. "Kwao ni wapi," aliuliza, "kama si hapa?" Habari hiyo haikurudiwa tena. Brashi hakumshukuru kwa maneno. Alipaka rangi milango yote ya nyumba, akaishia hapo.

Isidhaniwe kwamba walikuwa wakiishi kama chanda na pete. Mwalimu alisahihisha kila kitu. Alisoma gazeti akiwa na kalamu nyekundu. Alisahihisha matangazo ya misiba, barua za benki, na muuza mboga aliyepita mlangoni akinadi.

"Wifi," Brashi alimwambia siku moja, "wewe ukifa utamsahihisha malaika."

"Akikosea, kwa nini nisimsahihishe?"

Sasa basi, miezi miwili kabla ya Majilio, mchungaji alifika kwenye karakana. Karakana ni kile chumba cha mbele, chenye mabati yaliyokatwa yakiegemea ukutani, makopo ya rangi yamepangwa kwa rangi iliyopakwa kwenye mfuniko, si kwa lebo, na harufu ya tapentaini inayoingia mpaka kwenye sukari. Mchungaji alikuwa kijana, mgeni katika usharika, na alikuwa na tabia ya kushika kitu kila alipozungumza. Siku hiyo alishika rula.

"Mama, mwaka huu sitaki Majilio tuyasikilize tu," alisema. "Nataka tuyatembee."

Akachora kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa amekaa wiki moja katika nyumba ya mafungo ya kiroho, na bustanini kulikuwa na njia iliyopangwa kwa mawe, mizunguko saba, mmoja ndani ya mwingine. Mtu aliingia peke yake, polepole, bila kusema, akiomba kila hatua mpaka katikati, akakaa, akatoka kwa njia ile ile.

"Wakipotea humo?" Brashi aliuliza.

"Hawapotei. Hakuna njia panda. Njia ni moja tu, ila inakuzungusha. Unadhani umefika, inakutupa pembeni kabisa. Ukikata tamaa, ndiyo kwanza umekaribia. Kwani kumsubiri Bwana si hivyo?"

"Na inaitwaje?"

Mchungaji alitaja neno la kigeni lililomgonga hata yeye meno.

"Kwa Kiswahili?"

"Hilo nakuachia. Mwenye herufi ni wewe."

Brashi aliifanya kazi hiyo wiki tano. Alichukua maturubai mawili ya lori yaliyochoka, akayapeleka yakashonwa kuwa moja, akalitandaza uani. Alipigilia msumari katikati, akafunga kamba, akafunga chaki mwisho wa kamba, akatembea kinyumenyume akiinama, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mgongo ukawa unamlaumu. Rangi ya mafuta ikikauka nene juu ya turubai hupasuka linapokunjwa. Kwa hiyo aliizimua, akaisugua kwa sponji iingie ndani ya kitambaa. Rangi ilikuwa zambarau ya Majilio, aliyoichanganya mwenyewe, maana ya dukani, kwa maneno yake, ilikuwa na sura ya mtu aliyepigwa ngumi.

Kisha, katika kona nne ambamo njia hugeuka, alichora wanaosubiri. Jumapili nne za Majilio, picha nne. Wanawake na ndoo zao bombani. Mgonjwa na namba yake kwenye benchi la zahanati. Mzee na faili kwapani, nje ya mlango wa ofisi uliofungwa. Mama dirishani, simu mkononi, anamngojea mtoto asiyepiga. Hakuwatoa mbali. Walikuwa watu wa mtaa, na waliopita uani walijitambua, wakalalamika tu kwamba pua zimekuwa kubwa.

Rangi ilipokauka, alivua viatu akaingia wa kwanza, alasiri, peke yake. Brashi hajui kusali akiwa amekaa. Akikaa, mawazo yanakwenda sokoni. Lakini humo miguu ilikuwa na kazi, na kichwa kikanyamaza. Kwenye mzunguko wa tatu alimkumbuka baba yake chini ya ngazi. Kwenye wa tano hakukumbuka kitu. Alipofika katikati alisimama juu ya tundu la msumari, akakaa hapo muda ambao hakuupima, na aliporudi jikoni mwalimu alimuuliza kama amelia. Alisema ni tapentaini.

Lilibaki tangazo la kuweka langoni mwa kanisa. Brashi aliandika kwanza kwa chaki juu ya bati, kama kawaida yake: MZINGO WA SALA. Chini yake: Majilio. Ukumbini. Karibuni wote. Mwalimu akaja na chai, akasimama, akakunja uso.

"Mzingo ni wa hesabu, wifi. Mzingo wa duara. Watu watakuja na bikari."

"Mzingo ni kuzunguka. Unatosha."

"Hautoshi. Sikiliza. Uzi uliozongwa kwenye kibiringo, ukiufungua, unaufanyaje? Unauzingua. Mtu anaingia humo mambo yamemzonga, anatoka yamefunguka. Neno lako ni mzinguo. Weka u."

"Kuzingua watu wanakujua kwa maana nyingine."

"Watu gani?"

"Watu wa barabarani. Ndio wanaosoma vibao."

"Basi tuwafundishe."

"Wifi, kibao si ubao wa darasani."

Mwalimu aliweka kikombe juu ya mfuniko wa kopo. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake huwa mbaya kuliko kelele: "Mimi na wewe, nani aliyekaa darasani?"

Brashi aliacha shule akiwa darasa la saba ili ashike ngazi. Hilo mwalimu alilijua.  Kisha Brashi alifuta kwa kitambaa, akasogeza herufi, akapiga mistari upya, akachovya brashi. MZINGUO WA SALA. Ziliandikwa nyeupe juu ya zambarau, zimekaa vizuri, kila herufi na nafasi yake. Kama kazi ya mkono, ilikuwa kazi safi.

Kibao kilisimama langoni Jumatatu asubuhi. Kufikia saa nne vijana wa kituo cha pikipiki walikuwa wakicheka: "Jamani, sasa hata kanisa linazingua." Hao hawakuwa shida, kijana akicheka, amemaliza. Shida ilianza bombani, kwa watu wazima waliosoma neno lile wakaona zinguo, lile la kumtoa mtu uchawi au pepo. Wakaliweka pamoja na waliyoyasikia. Duara saba. Miguu mitupu. Kutosema neno. Kutoka pale pale ulipoingilia. Na sura za watu wa mtaa zimechorwa ndani, za watu walio hai. Jumatano mteja mmoja wa kibao cha saluni alituma ujumbe kwamba ameahirisha. Alhamisi mama mmoja alimvuta mtoto wake upande wa pili wa barabara Brashi alipopita na ndoo ya rangi. Ijumaa ikaja barua ya baraza la wazee: afike kesho yake saa tisa, ukumbini, turubai likiwa limetandazwa.

Aliisoma barua mezani, akaisukuma upande wa pili. Mwalimu akaisoma. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutoa kalamu, ingawa barua ilikuwa na makosa matatu.

"Wajinga," alisema. "Kamusi ipo."

"Watataka kujua neno limetoka wapi."

Mwalimu alikunja barua mara mbili. "Waambie kamusi ipo," akarudia, akaingia chumbani kwake.

Jumamosi, Brashi alipokuwa anafunga kilemba, mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa bado. Aligonga. "Nakwenda, wifi."

"Kichwa kinaniuma," sauti ilisema. "Na sina haja ya kwenda kukaa na watu wasiojua kitenzi na nomino."

Akaenda peke yake.

Ukumbi ule ni mrefu, una madirisha upande mmoja, na viti vya plastiki vinavyolia mtu akijitikisa. Wazee walikuwa wameketi nyuma ya meza mbili zilizounganishwa, upande wa mbali. Turubai lilikuwa limetandazwa katikati, kutoka karibu na mlango hadi karibu na meza, na watu wote walilipita kwa kubana ukutani, kana kwamba ni shimo. Mchungaji alikuwa mwisho wa meza, ameshika kalamu. Na mbele ya mwenyekiti, juu ya kitambaa, kulikuwa na mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Brashi aliuona kabla hajaona sura ya mtu.

Mwenyekiti alikuwa fundi wa saa, mtu wa vidole vidogo na sauti ndogo. Hajawahi kusingizia mtu. Ndiyo maana Brashi alimwogopa.

"Fundi mwenzangu," alianza, "mchoro wako mzuri. Hilo halina ubishi. Mimi nauliza neno. Langoni pa kanisa umeandika neno gani?"

"Mzinguo wa sala."

"Unajua zinguo ni nini?"

"Najua, mzee."

"Na mimi najua." Alitazama mkasi, si yeye. "Mama yangu alikuwa na presha. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Ndugu wakasema hii si presha, huyu amerogwa. Wakamkalisha katikati ya duara, wakamzunguka mara saba, wakamzingua siku nzima juani. Jioni nilikuwa sina mama. Sasa, mwaka wa arobaini tangu siku ile, nakuja kanisani, nakuta neno lile lile langoni, kwa herufi nzuri, na duara saba ndani."

Hakuna kiti kilicholia.

Mzee mmoja, mshona viatu, alijaribu kupunguza joto. "Mimi nilipotazama hapa nimeona watu wamesimama na ndoo. Kama huo ni uchawi, basi idara ya maji yote ni wachawi."

Wawili walicheka puani. Mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia mchungaji. "Mchungaji, neno hili ulilitoa wewe?"

"Mimi nilileta njia," mchungaji alisema, akiigeuza kalamu. "Njia ya kutembea kwa sala. Jina, nilimwachia fundi."

Hivyo ndivyo alivyosema, na haikuwa uongo, lakini ilimwacha Brashi peke yake sakafuni.

"Sikiliza, dada," mwenyekiti akaendelea. "Baba yako aliandika vibao mji mzima, hakukosea nukta. Nawe hujawahi. Kwa hiyo mimi siamini kwamba umekosea. Ama ulimaanisha ulichoandika, ama kuna mtu alikupa neno hili. Kama kuna mtu, mtaje, wewe urudi nyumbani, tutamwita yeye. Kama hakuna, baraza limekwisha kubaliana: turubai likatwe leo, lichomwe, na wewe utengwe, usishiriki meza ya Bwana mpaka baada ya Pasaka. Na itasomwa kesho, waumini wote wasikie."

Brashi alikuwa na jina moja tu la kutaja. Lilikuwa limefika kwenye meno. Aliliona darasa zima la miaka thelathini na mmoja likigeuza shingo barabarani: mwalimu, mwalimu wa Kiswahili, ameandika zinguo langoni pa kanisa. Aliwaona hao hao waliokuwa wakigawana vitu kwa macho, wakichekelea. Na upande wa pili aliona wiki tano za mgongo wake zikiingia kwenye mkasi, jina la baba yake likiwekwa pamoja na kuku weusi, na yeye amekaa benchi la nyuma miezi minne huku wengine wakienda mezani. Na zaidi ya yote, kwa mtu wa kazi ile, aliona aibu ya kukiri kosa ambalo mkono wake ulilikataa. Neno lenyewe aliwahi kuliandika sawasawa. Chaki ilikuwa shahidi, nayo ilifutwa.

"Ulipewa na nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Mkono ni wangu," Brashi alisema. "Herufi ni zangu. Nilikosea."

"Wewe?"

"Mimi. Mtu huchoka."

Mwenyekiti alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama saa iliyoletwa ikiwa haina kasoro. Kisha akamgeukia katibu. "Andika kwamba fundi amekiri." Akausukuma mkasi kwa mshona viatu, kwa kuwa mkono wake ulizoea ngozi ngumu. Mshona viatu hakuushika mara moja. Katibu alianza kuandika, na katika ukumbi ule ikasikika kalamu.

"Katibu, usiandike."

Sauti ilitoka mlangoni. Brashi hakuhitaji kugeuka. Hata hivyo aligeuka, na wifi yake alikuwa amesimama pale, amevaa gauni la bluu la mahafali, mkoba mkononi, jasho shingoni, maana alikuwa amekuja kwa miguu. Alikuwa amesimama kwa muda gani? Mshona viatu, aliyekuwa akitazamana na mlango, anasema tangu habari ya mama wa mwenyekiti.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, akainuka nusu, kama watu wote waliopita darasani kwake wanavyoinuka bila kutaka. "Pita huku ukutani, ukae."

"Sikai. Nina neno la kusema, nami nitalisema nikiwa mbele yenu."

Akavua viatu. Aliviweka sambamba kizingitini. Akaweka mkoba juu yake. Halafu, badala ya kubana ukutani kama wengine, akaingia kwenye njia.

Wazee walidhani atakatisha moja kwa moja. Hakukatisha. Aligeuka njia ilipogeuka. Mwanamke wa miaka sitini na saba, mwenye goti la kushoto linalomsumbua, ambaye hajawahi kumruhusu mtu yeyote amzungushe, alizungushwa. Alipita wanawake wa bombani. Alipita benchi la zahanati, na hapo goti lilimkatalia, akasimama, akashika hewa. Brashi alisogea hatua moja, mwalimu akamzuia kwa kiganja bila kumtazama. Akaendelea. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Alisema nini, ni kati yake na Mungu.

Hakuna aliyejua la kufanya. Huwezi kumwamuru mwalimu wako aharakishe. Walikaa, wazee kumi na mmoja na mchungaji wao, wakasubiri, na mkasi nao ukasubiri. Dakika tano. Dakika nane. Mara moja alikuwa hatua tatu tu kutoka katikati, na mzee mmoja akashusha pumzi akidhani yamekwisha. Njia ikamrudisha nje kabisa, mpaka ukingoni mwa meza, na hapo mwenyekiti aligundua kwamba kiatu chake kilikuwa kimekanyaga mstari. Mwalimu alisimama mbele ya kiatu kile. Mwenyekiti aliuvuta mguu nyuma, taratibu, naye akapita.

Alipofika katikati alisimama juu ya tundu la msumari. 

"Neno ni langu," mwalimu alisema. "Huyu aliandika mzingo. Aliandika sawasawa, kwa chaki, nikamwambia afute. Alinionya mara mbili. Nikamuuliza kati yangu na yeye nani alisoma."

Mshona viatu aliinamisha kichwa. Mwenyekiti aliuliza kwa sauti yake ndogo: "Mwalimu, hiyo maana nyingine, uliijua?"

Hapa ndipo angeweza kujiokoa. Angeweza kusema hakuijua, na kila mtu angeamini kwamba mtu wa vitabu hajui ya mtaani.

"Niliijua," alisema. "Niliona ni ya watu wasiosoma. Nikadhani kamusi inatosha." Akamtazama mwenyekiti usoni. "Habari ya mama yako sikuijua. Ulikuwa darasani kwangu mwaka ule. Uliacha kuandika insha, nikakuchapa."

Mwenyekiti alikaa akitazama mikono yake, na wote wakatazama mahali pengine, kama heshima inavyotaka. Mwishowe alichukua mkasi uliokuwa mbele ya mshona viatu, akaufunga ndani ya kitambaa chake.

"Katibu, futa hilo neno amekiri," alisema. "Turubai libaki. Ile herufi itoke langoni leo, kabla ya jua kuzama, na aitoe yeye aliyeikataa. Kesho mtu asimame aeleze waumini neno lilivyokuwa. Simlazimishi mtu."

"Nitasoma mimi," mwalimu alisema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakuamriwa kupiga magoti, wala hakulia. Wanaosema hivyo walikuwa majumbani kwao. Jumapili alisimama mbele, akasoma sentensi nne alizoziandika mwenyewe, bila kutafuta huruma katika hata moja, na akataja wazi kwamba fundi hakuwa na kosa. Baada ya ibada watu thelathini na tisa walivua viatu. Jumapili ya pili walikuwa zaidi, kiasi kwamba mchungaji alilazimika kuwapanga foleni, na mama mmoja akasema afadhali naye achorwe humo, kwa kuwa amesubiri kuliko hao wote. Mwenyekiti alifika Jumapili zote nne, akasimama ukingoni, mikono nyuma. Kama aliingia siku nyingine, ukumbi ukiwa mtupu, ni haki yake, na asiulizwe.

Jumamosi ile, kazi ya langoni ilipokwisha, wifi na wifi walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, polepole kwa ajili ya lile goti, mmoja amebeba ndoo na mwingine amebeba mkoba. Waliingia, wakafunga mlango wa mbele, na mwanga wa jikoni ulionekana ukiwaka. Majirani wamekuwa wakiuliza tangu siku hiyo kama Brashi alimsamehe, kama aliombwa msamaha, nani alianza kusema, na walisema nini.

Hilo ni la nyumba ile. Halikuandikwa na katibu, na hapa haliandikwi.